Maswali ya Wasomaji: Sanamu za Vyuma Chakavu na Bei Inayostahili

Barua nyingi zilizoifikia safu hii hivi karibuni zimetoka kwa mafundi wa kuchomelea ambao, baada ya miaka ya kutengeneza mageti na madirisha, wameanza kuunda sanamu kwa minyororo ya baiskeli, springi, gia na nondo zilizobaki kwenye karakana. Nimechagua barua nne. Nimeyajibu kwa urefu zaidi maswali yanayogusa bei na uimara wa kazi, kwa kuwa kwa maoni yangu mambo hayo mawili hayatenganishwi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tanga. Ninatengeneza kanga wa chuma, mwili wa springi na mabawa ya minyororo ya baiskeli, na kila mmoja hunichukua siku mbili. Duka moja la vinyago hununua kwangu kwa shilingi 25,000 na kumwuza kwa 110,000. Nikitaka kupandisha bei, mwenye duka husema chuma chenyewe ni cha jalalani. Nifanye nini?

Marahaba, kijana wangu. Umefanya vyema kuambatanisha gharama zako, kwa sababu jibu limo humo humo. Umeandika kwamba kanga mmoja hula kilo tatu za chuma chakavu kwa shilingi 3,000, vijiti vya kuchomelea vya 4,000, diski za grainda za 3,500, umeme wa 2,000, na praima pamoja na vanishi za 4,500. Jumla yake ni shilingi 17,000. Maana yake ni kwamba katika zile 25,000 unabaki na 8,000 kwa kazi ya siku mbili, ilhali umeeleza mwenyewe kwamba ukiitwa kuchomelea madirisha ya mtu hulipwa 20,000 kwa siku. Tukihesabu ujira wako kwa kiwango hicho hicho na kuongeza hata 6,000 tu za kodi ya karakana na uchakavu wa mashine, kanga huyo amekugharimu 63,000 kabla hujaweka faida yoyote. Kwa hiyo unamwuzia mwenye duka kwa hasara.

Hoja ya kwamba chuma kimetoka jalalani usiipokee hata kidogo. Chuma chakavu kina bei ya kilo kwa anayekwenda kukiyeyusha, lakini mnunuzi wa sanamu analipia jicho lililoona shingo ya kanga ndani ya springi ya pikipiki, na mkono uliojua mahali pa kuigusisha na mwili. Kioko Mwitiki wa Kenya amejulikana ndani na nje ya nchi yake kwa wanyama wakubwa wanaotokana na vyuma vya aina hiyo hiyo, wala hakuna anayewapima tembo wake kwa kilo.

Nakushauri umpelekee mwenye duka bei ya 80,000 taslimu, ukiwa na hesabu yako mkononi. Kama atapendelea mali kauli, yaani achukue sasa na kulipa akishauza, bei yako iwe juu zaidi, kwa sababu fedha yako inalala kwake. Mwandikiane idadi ya kazi alizochukua, bei ya kila moja, tarehe ya kuhesabiana, na nani atalipa ikiwa kanga ataanguka na kuvunjika dukani. Sehemu nyingi maduka na nyumba za sanaa zinazouza kwa mtindo huo hubakiza kati ya asilimia 30 na 50 ya bei ya mwisho. Kiasi hicho si dhuluma ikiwa duka linalipa kodi ya mahali pazuri na kumtunza mteja. Kwako wewe dhuluma ilikuwa kukubali kisichorudisha hata gharama.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni kwamba bei ya karakanani haipaswi kuwa chini ya bei ya dukani. Mgeni akigundua kwamba kanga wa 110,000 anapatikana kwako kwa 40,000, mwenye duka atakuacha, na hata huyo mgeni ataanza kutilia shaka thamani ya alichonunua.

Lakini bei hiyo huwezi kuitetea kama kazi haijakamilika. Katika picha uliyotuma naona cheche zilizoganda kwenye kifua cha ndege na gamba la kichomeleo lililoachwa chini ya bawa. Gamba lile ligongwe lote kwa nyundo, cheche ziondolewe kwa patasi, na maungio yapitiwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Kisha mweke kanga juu ya meza iliyo sawa na umsukume kichwani kwa kidole kimoja: akiyumba, urefushe ukucha wa nyuma au uongeze uzito miguuni. Pitisha kiganja mwilini mwake mwote, hasa kwenye ncha za minyororo, kwani kinachokukwaruza wewe kitamkata mtoto wa mteja. Chini ya nyayo gundisha vipande vya mpira wa tairi ili asichubue sakafu. Kazi hiyo haizidi saa moja, na ndiyo anayoihisi mnunuzi mara tu anapomshika ndege.

Tengeneza pia ndege wadogo wasiozidi kilo moja na nusu. Msafiri wa daraja la kawaida kwenye ndege aghalabu huruhusiwa begi la kilo 23, na nimeona wengi wakiipenda sanamu kisha wakairudisha mezani walipoinyanyua.

Mwalimu, salamu kutoka Likoni, Mombasa. Mimi na mume wangu tunauza sanamu za bustani: korongo, mamba na samaki. Wateja wawili wa ufukweni wamezirudisha kabla ya mwaka kuisha, zimeliwa na kutu. Tulipaka rangi mbili. Tena tukitumia mabati ya zamani, mume wangu hupatwa na homa usiku. Je, mambo haya yanahusiana?

Dada yangu, hayahusiani, na nitaanza na homa kwa kuwa inagusa uhai. Mabati na mabomba mengi ya maji yamepakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi zinazokaribia 1,500. Hivyo kabla chuma hakijaungana, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe mbele ya pua ya fundi. Anayeuvuta hupatwa na homa, baridi, kiu na maumivu ya mwili saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, na kesho yake hupata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayowadanganya mafundi wakadhani ni malaria au uchovu tu. Mumeo aiondoe zinki kwa grainda pande zote mbili za mahali anapochomelea, akiwa amevaa barakoa ya kuzuia vumbi na mafusho, kwani kitambaa cha mdomoni hakitoshi. Achomelee nje, upepo ukimpiga ubavuni ili moshi usimpite usoni. Akibanwa na kifua au kukosa pumzi, aende hospitali siku hiyo hiyo na amweleze daktari kazi aliyofanya. Ahakikishe vilevile kwamba kioo cha ngao yake ya uso kina weusi wa namba 10 au 11. Miwani ya jua haizuii mwanga ule, na maumivu yake huja baada ya saa nyingi, macho yakiwasha kama yametiwa mchanga.

Sasa kutu. Chumvi inayobebwa na upepo wa bahari hutua juu ya chuma, huvuta unyevu hewani na kuushikilia, kwa hiyo sanamu ya Likoni hubaki na majimaji hata siku ambayo mvua haijanyesha. Shaba nyeusi huvumilia hali hiyo. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam imesimama juu ya nguzo yake tangu 1927. Chuma cha nondo hakina ustahimilivu huo, na rangi mbili zilizopakwa juu ya kutu au juu ya lile gamba la bluu-kijivu litokalo kiwandani haziwezi kukisaidia, maana gamba likibanduka huondoka na rangi yake.

Kisugueni chuma mpaka kiwe cheupe, mkioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mkikaushe, na mkipake praima yenye zinki siku hiyo hiyo kabla ya jioni. Msikishike kwa mikono yenye jasho baada ya kukiosha. Acheni kila tabaka likauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha mpake rangi mbili za nje, mkianza kwa brashi ndogo kwenye maungio na pembe, kwa kuwa hapo ndipo rangi huwa nyembamba na kutu huanzia. Mamba wenu, nadhani, ana tumbo lililofungwa pande zote. Mtobolee matundu mawili matatu sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke. Korongo msimchomeke udongoni. Miguu yake ikae juu ya tofali la saruji lililoinuliwa kidogo. Vipande vya shaba mnavyopenda kuvitumia kwa macho ya samaki vitengwe na chuma kwa gundi ngumu au kipande cha plastiki, kwani metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa kwa kasi.

Wateja wenu hao wawili, nawasihi muwatengenezee upya bila malipo, na kuanzia sasa kila sanamu iende na karatasi inayosema ioshwe kwa maji matamu kila mwezi na ipakwe rangi upya palipochubuka. Mteja wa ufukweni anayeelezwa ukweli huo mapema huupokea bila shida.

Ndugu Mwalimu, mimi niko Nakuru. Vijana huniletea vyuma karakanani kwa bei nafuu sana. Nitajuaje kama ni halali?

Ndugu yangu, bei nafuu kupita kiasi ni dalili ya kwanza. Usinunue nyaya za shaba zilizochomwa moto kuondoa plastiki, vyuma vya minara ya umeme, mataruma na boliti za reli, mifuniko ya mitaro wala vibao vya barabarani, hata kama umbo lake limekuvutia. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inayomtaka mfanyabiashara wa bidhaa hiyo awe na leseni, na Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kukosa umeme, serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Walioumia ni pamoja na wachongaji wasiokuwa na hatia. Nunua kwa mwenye leseni, udai risiti, na zaidi ya hapo ufanye urafiki na gereji za baiskeli na pikipiki mtaani kwako, kwani minyororo iliyokatika na gia zilizolika kwao ni takataka, na asili yake unaijua.

Hata chuma halali kinaweza kuua. Pipa lililowahi kubeba petroli au thina lisiguswe kwa moto, hata kama limekaa wazi miaka mingi, kwa maana mabaki yaliyojificha kwenye mikunjo hugeuka mvuke na kulipuka. Shokapu nayo ina mafuta na mara nyingi gesi yenye mgandamizo ndani yake. Usiikate wala kuichomelea nzima.

Shikamoo. Niko Mwanza. Mteja wa Ujerumani ameagiza fisi wa chuma wa kilo 40. Anataka nimtumie kwa meli, na ninaogopa pia kwamba wenzangu wataiga umbo hilo. Nishauri.

Marahaba. Kabla hujakata chuma chochote, pokea arbuni ya nusu ya bei, na mkubaliane kwa maandishi kuhusu vipimo, rangi, nani analipa usafiri na ushuru wa huko, na picha utakazomtumia kazi ikifika katikati. Mteja wa mbali hakatai masharti hayo. Akiyakataa, afadhali umkose sasa.

Kuhusu kuigwa, sheria ya hakimiliki hulinda kazi yenyewe uliyoiunda, lakini hailindi wazo la kutengeneza fisi. Unaweza kuisajili kazi COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ili uwe na ushahidi, nami nakuhimiza ufanye hivyo. Hata hivyo tazama yaliyotokea Haiti, katika mji wa Croix-des-Bouquets: mhunzi Georges Liautaud, aliyekuwa akifua misalaba ya makaburini, alijulikana katika miaka ya 1950 kwa sanamu zake za chuma, na baada yake mji ukajaa mafundi wanaokata na kufua mapipa ya mafuta. Wote wanatumia pipa lile lile, na wengi wao hugonga majina yao kwa patasi kwenye chuma, kwa hiyo mnunuzi hujua kazi ya nani ameshika. Nawe gonga jina lako na mwaka chini ya tumbo la fisi kabla ya praima, mahali pasipoweza kufutwa kwa msasa.

Upande wa usafirishaji, kinachowakwamisha wengi ni kisanduku. Nchi za Ulaya hudai mbao ghafi za kufungashia ziwe zimetibiwa, mara nyingi kwa kupashwa joto mpaka kiini chake kifikie nyuzi 56 kwa dakika 30, na zigongwe alama ya kimataifa inayothibitisha hivyo, ili wadudu wasisafiri humo. Haijalishi kwamba mzigo wenyewe ni chuma. Ulizia wenye idhini katika ofisi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ukitumia plaiwudi tupu, sharti hilo halikuhusu, lakini miguu ya mbao ghafi ukiipigilia chini ya sanduku la plaiwudi, sharti linarudi. Mfunge fisi kwa boliti kupitia nyayo zake hadi kwenye sakafu ya sanduku, uwe umetoboa matundu hayo tangu mwanzo wa kazi, mviringishe kwa plastiki pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na umpige picha akiwa ndani kabla ya kupigilia mfuniko, kwa kuwa kampuni ya bima itaziomba picha hizo ikiwa atafika na mguu uliopinda.