Kabla ya kuchora njia ya mabasi, pima kituo

Barabara ya kwanza niliyoshiriki kusanifu kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka ilikuwa na upana wa mita 30, ukuta hadi ukuta, maduka pande zote. Tukaanza na njia mbili za mabasi katikati, kila moja mita 3.5. Zikaenea vizuri. Tulipofika kwenye vituo, nafasi ikatuishia.

Fanya hesabu mwenyewe. Jukwaa la katikati lipe mita 4. Ukitaka basi lipite lililosimama, kama walivyofanya Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, mwaka 2000, ongeza njia ya kupitana kila upande, nayo ya mita 3.5. Hapo mita 18 zimekwisha. Magari mengine yakipewa njia mbili kila upande, za mita 3, mwenda kwa miguu hana pa kukanyaga. Usikubali apunjwe yeye, kwani abiria wote wanafika kituoni kwa miguu. Sisi tuliyatenganisha majukwaa, la waendao mjini likatangulia na la warudio likafuata mbele yake, kila moja mita 3, ili njia ya kupitana ihitajike upande mmoja tu kila mahali. Tukaokoa mita 4.5 bila kubomoa duka hata moja.

Nilipokosea ni kwenye makutano. Kituo kimoja nilikisogeza mno kwenye taa. Basi la mita 18 likingoja taa, la nyuma yake linashindwa kuondoka kituoni, na la tatu linakwama na abiria ndani, jukwaa wanaliona. Acha nafasi ya mabasi mawili kati ya kituo na taa. Na punguza idadi ya kona ambapo magari yanavuka njia ya mabasi, maana kila kona inakula muda wa taa ya kijani.

Kituoni mwaga zege. Mabasi hufunga breki palepale kutwa nzima, lami inabonyea, na sakafu ya basi inashuka chini ya jukwaa. Nimemwona mama mwenye mtoto mgongoni akisita mlangoni, akitazama chini kwanza ndipo avuke.

Siku hizi, kabla ya kuchora chochote, natembea barabara nzima na tepu mkononi, nikifunua chemba moja moja. Bomba linalopita chini ya njia ya mabasi lihamishwe kabla ya zege kumwagwa.