Amefungwa miaka 2, na mashine yangu?

SWALI: Mama Metre, wewe mwanasheria wetu, jambo. Mimi ni fundi wa kushona hapa Katuba, Lubumbashi. Kijana wa jirani, miaka 20, niliyekuwa namfundisha kazi, aliiba mashine yangu mchana kweupe akaiuza. Mahakama ya amani imemhukumu miaka 2. Sasa nasikia akimaliza miezi 6 anaweza kutoka gereza la Kasapa! Ni sheria, ao kuna mtu amekula pesa? Mama yake anapita mlangoni kwangu na sufuria ya bukari na sombe ya kumpelekea, hata salamu hanipi. Kifungo hicho kinanisaidia nini mimi?

JIBU: Pole, mama. Ni sheria. Kodi ya Adhabu ya 1940 (kitabu cha sheria ya makosa ya Kongo), kifungu cha 35, inaruhusu mfungwa aliyemaliza robo ya kifungo kuachiliwa kwa masharti, mradi awe amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Robo ya miaka 2 ndiyo miezi 6 yako. Lakini mlango haufunguki wenyewe: anayeamua ni Waziri wa Sheria, akishasikia parke (ofisi ya waendesha mashitaka) na mkuu wa gereza. Na kijana akivunja masharti, anarudishwa.

Wizi wa kawaida unaweza kufika miaka 5. Hakimu ametoa 2, maana anatazama pia umri wa mtu na kama ni kosa lake la kwanza. Anataka mwizi aumie, wenzake waogope, halafu arudi mtaani akiwa mtu wa kazi. Mambo hayo matatu hayapatani kila mara. Mimi, kwa kijana anayejua tayari kukata shati, ningeshika zaidi hilo la mwisho; najua utanikasirikia.

Ila kifungo ni deni lake kwa serikali. Deni lako ni mashine. Je, ulijiandikisha kama upande unaodai fidia? Kama ndiyo, soma hukumu, fidia imeandikwa humo. Kama hapana, bado unaweza kumshitaki kwa madai, yeye mwenyewe. Mama yake umwache na sufuria yake: Katiba, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la aliyelitenda.

Na aliyenunua? Hujamtaja hata kidogo. Kama alijua mashine ni ya wizi, naye ametenda kosa. Tafuta jina lake, chukua risiti yako ya kununulia, urudi parke.