Usisubiri kipaji ndipo ufanye sanaa

Kila ninapomwambia mtu kwamba nachora na kuimba kwaya, jibu huwa lilelile: "Una bahati, mimi sina kipaji." Natamani maneno hayo yangekoma. Yamewanyima watu wengi kitu kilicho haki yao, na hapo sitii chumvi. Ibara ya 27 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa mwaka 1948, inasema kila mtu ana haki ya kushiriki kwa uhuru katika maisha ya utamaduni ya jamii yake na kufurahia sanaa. Haikuweka sharti la kipaji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiishie kutazama na kusikiliza. Fanya. Muziki mzuri unaburudisha hata ukiwa umekaa tu, nami husikiliza kila siku, lakini faida kubwa niliyoiona mimi imetoka kwenye penseli niliyoishika mwenyewe, na kwenye kusimama katikati ya wenzangu tukiitafuta noti moja mpaka tuipate.

Anza na kuchora, maana hakukuhitaji kumsubiri mtu. Penseli laini ya 2B na karatasi yoyote vinatosha. Weka mezani ule mkono usioandikia, kisha uuchore polepole, macho yakikaa zaidi kwenye mkono kuliko kwenye karatasi. Utaona mambo uliyotembea nayo miaka yote bila kuyaona: kidole gumba hakikupangana na wenzake, kimetokea ubavuni, na ukucha wake umeelekea upande wa peke yake. Mikunjo ya kwenye viungo haifanani kidole hadi kidole. Mkono wa kwenye karatasi huenda ukatoka umevimba na vidole vifupi, haidhuru. Kwa robo saa umekitazama kitu kimoja, simu ikiwa mbali. Mimi hufanya hivyo jioni, na siku ambazo kichwa kimejaa ya kazini ndizo hunisaidia zaidi. Mwanzoni usimwonyeshe mtu. Sifa na lawama, zote mbili humvuruga anayejifunza.

Mwili nao ukikataa, badilisha kifaa. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na baada ya hapo kusimama mbele ya turubai kukawa taabu. Akashika mkasi, akawa anakata maumbo kwenye karatasi zilizopakwa rangi na kuyapanga, akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Baadhi ya kazi zake zinazopendwa zaidi leo ni za kipindi hicho.

Lakini kilichonifanya niache kabisa kuiona sanaa kuwa ni pambo ni ugonjwa wa baba yangu. Alipata kiharusi kilichopiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa, na maneno yakamkimbia. Alituelewa, alijua anachotaka, ila akifungua kinywa ilitoka silabi moja tu ileile. Ilimuuma sana. Alikuwa akigeukia ukutani tusimwone uso.

Siku moja dada yangu alikuwa akimbadilishia shuka huku anaimba kwa sauti ya chini wimbo ambao baba mwenyewe alikuwa akituimbia utotoni. Baba akaudaka kwenye mstari wa pili. Maneno yalitoka yote, yametimia, hadi mwisho wa ubeti. Dada alibaki amesimama na shuka mikononi.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alitueleza baadaye kwamba jambo hilo linajulikana. Kuimba hushirikisha pia upande wa kulia wa ubongo, na tangu miaka ya 1970 kuna njia ya tiba inayotumia mahadhi kumrudisha mgonjwa kwenye maneno. Unachukua neno analolihitaji, unaliimba kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mkono wake wa kushoto ukigonga taratibu: ma-ji, ma-ji. Tulifanya naye hivyo asubuhi na jioni. Hakurudi kuwa yule msemaji tuliyemjua, lakini alifika mahali pa kuomba maji kwa kinywa chake, na kwetu lilikuwa jambo kubwa mno. Kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa namna hiyo, mwulizeni mtaalamu wake kuhusu kuimba. Na mkiwa mnamsubiri, imbeni naye nyimbo za ujana wake.

Sisemi wimbo unachukua nafasi ya dawa. Nasema una nafasi yake, na wataalamu wanakubali: mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Ulaya ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaonyesha kwamba sanaa husaidia katika kuzuia maradhi na katika kuyatibu.

Kwa upande wa jamii, kwaya imenifundisha zaidi ya mkutano wowote. Mimi huimba sauti ya pili, ile ambayo msikilizaji haondoki nayo mdomoni, lakini ikikosekana wimbo mzima unapwaya. Pia nimeona watu waliokuwa hawasalimiani wakilazimika kuvuta pumzi pamoja. Watafiti nchini Sweden walionyesha mwaka 2013 kwamba wanaoimba pamoja hata mapigo ya mioyo yao hupanda na kushuka pamoja, kwa kuwa wimbo ndio unaopanga pumzi zao. Sikushangaa.

Na jamii huihitaji sanaa hasa pale maneno yanapoisha. Mwaka 1987, wakati wagonjwa wa UKIMWI wakiogopwa na wengine wakinyimwa mazishi ya heshima, waliofiwa nchini Marekani walishona majina ya watu wao kwenye vitambaa, wakavitandaza pamoja Washington. Vilikuwa vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6, karibu na ukubwa wa kaburi. Wengi walioshona hawakuwa wasanii. Walikuwa wazazi, wapenzi na marafiki wenye sindano na uzi.

Kwa hiyo mkitaka kuanzisha kitu mtaani kwenu, chagueni kazi inayohitaji mikono mingi, kama mchoro wa ukutani, ambapo hata mtoto anaweza kupaka rangi eneo alilochorewa. Wazee waulizwe mapema ni kisa gani kichorwe, kabla rangi haijanunuliwa. Na mkimwita msanii awaongoze, mlipeni. Hili nalisema kwa uchungu: fundi bomba hatumwambii afanye bure ili ajulikane, lakini mchoraji huambiwa hivyo kila mara, na ndiyo sababu wengi wazuri wanaacha.

Anayetaka kwaya lakini anaogopa sauti yake, amwambie mwalimu amsimamishe kati ya wawili wanaoijua vizuri sauti atakayoimba. Wiki za mwanzo aimbe kidogo, asikilize zaidi, na asiache kwenda mazoezini eti kwa kuwa wimbo bado haujui. Huko ndiko unakofundishwa.