Jibu: Kulala kambini kwa Wasan, Grashoek, Namibia

Ndugu, umeuliza kama usiku mmoja Grashoek, kijiji cha Wasan (wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika), unatosha. Chukua mbili. Ukifika jioni na kuondoka asubuhi, utaambulia ngoma tu, na kiini hasa ni matembezi ya porini.

Jaza mafuta mjini Grootfontein kabla ya kushika barabara ya changarawe ya C44. Kwenye mchanga laini, punguza upepo wa matairi hadi baa 1.5 hivi, kisha usifunge breki ghafla, maana gari huzama palepale. Kambini hakuna umeme. Beba maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku, chakula chote, na fedha taslimu zilizochenjiwa ndogondogo. Juni hadi Agosti usiku ni baridi kali, kwa hiyo blanketi moja halifai kitu.

Mpango wa kwenda na wawindaji uombe tangu jioni. Nyayo za wanyama husomeka vizuri alfajiri, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli huonyesha kingo zake. Saa sita mchana, mchanga wote huonekana sawa. Usiguse mishale bila ruhusa: sumu yake hutoka kwenye buu la mbawakawa wa Diamphidia, nayo hupakwa nyuma ya ncha ili mwindaji asijichome.

Mavazi ya ngozi huvaliwa kwa maonyesho. Nyumbani Waju/'hoansi, yaani Wasan wa hapo, huvaa kama sisi, basi usiwapige picha huko bila kuwauliza. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni nunua kwa aliyezitengeneza.