Unyago, karo na LUKU: kipi kinapunguza kodi?

*Shikamoo Bi Mhasibu. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Nachingwea. Mshahara wangu kabla ya makato ni 900,000. Hapo nalipa pango, karo za watoto wawili, bodaboda ya kwenda shuleni kila siku na mkopo wa elimu ya juu wa HESLB. Kwa nini PAYE, hii kodi ya mshahara, haiyaangalii haya yote? – Mwalimu, Nachingwea*

Marahaba mwanangu. Haiyaangalii kwa sababu sheria yetu ya kodi ya mapato ni bahili kwa mwajiriwa. Kinachotolewa kwenye mshahara wako kabla ya kukata PAYE ni mchango wako wa mfuko wa pensheni, basi. Kwako wewe ni PSSSF, asilimia 5, yaani 45,000. Inabaki 855,000, na PAYE yake ni 91,750. Bila kuutoa mchango huo ungekatwa 103,000.

Pango, karo na bodaboda ni matumizi yako binafsi. HESLB wanachukua asilimia 15 ya mshahara, lakini wanaichukua kwako, hawaipunguzi kodi. Bima ya afya na ada ya chama cha wafanyakazi ni vivyo hivyo. Ukiona karatasi ya mshahara ina makato mengi, usidhani kila mstari umekupunguzia PAYE. Tazama PSSSF peke yake.

*Habari za kazi dada. Nauza chakula Chikongola, Mtwara. Mwaka jana niliuza kama milioni 9. Nikitoa mchele, mafuta, mkaa na vijana wawili wanaonisaidia, sibaki na cha maana. Nikipeleka hizo gharama TRA watanipunguzia? – Mama Lishe*

Salama dada yangu. Hawatakupunguzia, wala usiwaonee. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida anatozwa kwa makadirio, na makadirio yanaangalia mauzo, hayaangalii faida. Mkaa upande, mchele upande, kodi yako iko palepale.

Kinachokusaidia ni daftari. Kwa mauzo ya kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu anatozwa 250,000. Mwenye kumbukumbu anatozwa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwako kinachozidi ni milioni 2, asilimia 3 yake ni 60,000, jumla 150,000. Laki nzima inabaki mfukoni kwa kuandika tu kila jioni sahani ngapi zimetoka na kwa bei gani. Daftari lenyewe ni la shilingi chache pale sokoni.

*Asalaam aleikum Bi Mhasibu. Nina nyumba ya wageni Lindi mjini, na mauzo yamevuka milioni 100. Nyuma yake naishi na familia, mita ya umeme ya LUKU ni moja. Anayeniandalia hesabu anasema niingize kila kitu: umeme wote, karo ya chuo ya binti yangu, vitanda vipya, faini niliyochelewa kulipa, hata unyago wa wajukuu wa Desemba, kwa kuwa wageni wa shughuli walilala kwangu. Ni sawa hiyo? – Mzee wa Lodge*

Waaleikum salaam mzee wangu. Huyo anayekuandalia hesabu anakupenda, lakini anakupeleka pabaya.

Wewe ndiye kati ya hawa watatu ambaye gharama zinakuhusu kweli. Ukishavuka milioni 100, makadirio ya mama lishe hayakuhusu tena. Unatozwa kwa faida, na faida ni mauzo ukitoa gharama. Ila gharama inayokubalika ni ile iliyotumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara tu.

Tuanze na unyago, maana najua ndio unakuumiza. Pilau, ujira wa nyakanga anayewafunda wali, kanga, ngoma iliyokesha: hayo ni mambo ya ukoo, hayaingii. Shemeji zako waliolala bure hawakukuletea mapato. Na kama wapo waliolipa chumba, hiyo si gharama hata kidogo, ni mauzo, na yanatakiwa kuonekana kwenye risiti za mashine ya EFD za wiki ile. Mkaguzi akizikuta siku tano za Desemba vyumba vimejaa na mashine imekaa kimya, atauliza.

Karo ya binti, hapana. Lakini kama jioni anakaa mapokezi na unamlipa, ujira wake ni gharama halali, mradi ni wa kazi aliyoifanya na umeandikwa. Ukizidi 270,000 kwa mwezi, umkate PAYE. Wewe mwenyewe kama mmiliki huwezi kujilipa mshahara ukauita gharama. Hela unayochukua kwenye droo ni faida yako uliyoitangulia.

LUKU ndiyo yenye kazi. Umeme wa vyumba vya wageni unakubalika, wa friji ya mama watoto haukubaliki. Dawa yake ni fundi akuwekee mita ndogo upande wa familia, uwe unaandika usomaji wake kila mwisho wa mwezi. Kabla haijafungwa, gawanya kwa kipimo unachoweza kukitetea, kiandike, na usikibadilishe kila mwezi ili kikufae.

Vitanda havitolewi vyote mwaka mmoja. Vinaingia kwenye uchakavu, yaani gharama yake inatolewa kidogo kidogo: samani ni asilimia 12.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Kukarabati kitanda kilichovunjika, hiyo ni gharama ya mwaka huohuo. Shuka, sabuni, chai ya asubuhi ya wageni na dizeli ya jenereta, zote andika. Riba ya mkopo pia, kama hela yake ilijenga vyumba na si kununua gari la nyumbani. Faini ya kuchelewa kodi usiiweke. Serikali haikusaidii kulipa adhabu yake yenyewe.

Ukitaka kutoa, ile sadaka ya mkononi haihesabiwi. Mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa kisheria unahesabika, lakini usizidi asilimia 2 ya faida ya biashara yako.

La mwisho ni risiti. Zile za EFD hufifia, na kwa joto la Lindi hufifia mapema. Nimeshashika bahasha nzima ya karatasi nyeupe ambazo mwenyewe aliapa ni dizeli. Zipige picha au zitolee nakala siku hiyohiyo, uzitunze miaka 5. Halafu fika kwa mhasibu mwenye leseni kabla ya tarehe 31 Machi, siku ya kukadiria kodi ya mwaka na kulipa awamu ya kwanza. Awamu nyingine ni mwisho wa Juni, Septemba na Desemba. Nenda ukiwa umeshaisoma mita ya LUKU.