Muulize Fundi: Patani imenitoka kichwani, na picha za mama zimo ndani

*Fundi, habari za kazi. Jumamosi tulikuwa tunamwozesha binti wa dada yangu, watoto wakawa hawaiachi simu yangu. Nikabadilisha patani harakaharaka nikiwa jikoni. Jumapili asubuhi naichora, inakataa. Nimejaribu mpaka sasa inaniambia nisubiri. Ni Samsung za A. Ndani kuna picha za marehemu mama, hesabu za kikoba chetu ziko WhatsApp, na M-Pesa nina hela ya ada. Kijana wa hapa mjini anataka elfu 40, anasema anatoa loki na hakipotei kitu. Nimpe?*
Mama Mhazini, Korogwe

Mama, usimpe. Hilo nilikujibu kwa meseji siku ileile, pamoja na kukuomba simu ikae kwenye chaji na asiizime mtu. Narudia hapa kwa ajili ya wenzako.

Watu wakiona simu imejifunga wanadhani imekufa. Haijafa. Kama iliwahi kufunguliwa tangu iwashwe mara ya mwisho, inaendelea na kazi zake kimyakimya: inapokea meseji, inapandisha picha, inahifadhi WhatsApp. Ukiizima na kuiwasha, hapo inajifunga kwelikweli, hata alama ya kidole haipokei mpaka uchore patani kwanza. Juzi kaja mzee mmoja na simu iliyokuwa ikifunguka vizuri kwa kidole, chaji imebaki kidogo, ananiambia nimzimie ipumzike. Nilimnyang'anya nikaichomeka kabla hajamaliza sentensi. Wewe hujaniambia kama uliweka kidole. Kama uliweka, kijaribu upesi, maana baada ya siku chache simu itadai patani tu. Kikifungua, usihangaike kubadilisha patani, itakuuliza ya zamani. Hamisha picha kwanza.

Kwa aliyebadilisha patani jana au juzi: baadhi ya Samsung mpya zinakubali patani ya nyuma ndani ya saa 72. Ukishakosea mara kadhaa, chini ya kioo linatokea neno la kuuliza kama umesahau, ligonge. iPhone nazo zinafanya hivyo tangu iOS 17 ya mwaka 2023. Mengine ya kubahatisha yaache, kila ukikosea muda wa kusubiri unarefuka.

Sasa huyo kijana. Huenda si tapeli, anasimulia kazi ya zamani. Enzi za Android za mwanzo patani ilikuwa faili moja dogo, gesture.key. Tulikuwa tunaunganisha simu na kompyuta, tunalifuta faili lile, tunawasha. Unachora chochote inafunguka, picha zote zipo, na mteja anakuona mchawi. Siku hizo zimekwisha. Simu za sasa zinaandika kila kitu kwa mafumbo, na ufunguo wa kuyafumbua unatengenezwa kwa kuchanganya patani yako na siri iliyomo ndani ya chipu. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, hilo ni sharti kwa kila simu mpya inayotoka na toleo hilo. Fundi akiiflashi, yaani akiipakia mfumo upya, itawaka kama imetoka dukani leo, ila kilichokuwemo hakirudi. Hapa Aggrey, Kariakoo, nazijua meza zitakazopokea elfu 40 yako asubuhi, jioni zikakurudishia simu tupu na maneno "bahati mbaya, mama".

Hela ya ada isikunyime usingizi. Haiko kwenye simu, iko kwenye laini. Itoe, iweke kwenye kitochi, piga *150*00#, namba ya siri ya M-Pesa ni ileile uliyozoea. Ila laini hiyo usiifungulie WhatsApp kwenye simu nyingine kwa sasa. Ukifanya hivyo, WhatsApp ya kwenye simu iliyofungwa inajitoa, na tunaihitaji usiku.

Usiku wenyewe, simu iache kwenye chaji, karibu na Wi-Fi inayoijua. Kama nyumbani hakuna, kumbuka uliwahi kujiunga na hotspoti ya nani. Aiwashe kwa jina lilelile na pasiwedi ileile, simu itajiunga yenyewe bila kukuuliza. Mnamo saa 8 usiku WhatsApp hupeleka mazungumzo Google kama uliiruhusu siku ulipoianza, na Google Photos nayo hupandisha picha kama ilikuwa imewashwa. Kama picha za mama zilikuwa kwenye memori kadi, una bahati: ichomoe, itasoma kwenye simu nyingine isipokuwa uliifunga mwenyewe kwenye mipangilio. Hesabu za kikoba, hata mambo yakienda vibaya, wanachama wenzako wanazo kwenye kundi.

Asubuhi azima simu, ingia kwenye akaunti yako ya Google uone kilichofika. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Jimeli ipi? Unakuta siku ya kununua simu, kijana wa dukani ndiye aliyefungua, akaweka pasiwedi anayoijua yeye, ukaondoka na mfuko wako. Kwenye ukurasa wa kuingilia Google kuna sehemu ya waliosahau jimeli: andika namba yako ya simu na jina lililoandikwa kwenye akaunti, watakutumia msimbo kwenye laini, na ndiyo maana nimetaka laini iwe kwenye kitochi. Pasiwedi nayo inabadilishwa kwa njia hiyohiyo.

Usifute simu kabla ya kupata jimeli na pasiwedi yake. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa vitufe inauliza akaunti iliyokuwemo, na usipoijua huendi popote. Kama umebadilisha pasiwedi ya Google, ngoja saa 24 zipite ndipo ufute. Kisha izime. Zipo Samsung zinazogoma kuzimwa zikiwa zimefungwa. Hizo ngoja chaji iishe. Ichomeke kwa waya kwenye kompyuta, shikilia kitufe cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti mpaka itokee orodha, teremka hadi mstari ulioandikwa Wipe data, kubali. Ikiwaka weka jimeli ileile, halafu rudisha laini ufungue WhatsApp kwa namba ileile. Itakuuliza kama unataka mazungumzo yako.

*Nimenunua Tecno mkononi kwa mtu. Nilipoifuta inadai jimeli nisiyoijua. Kuna fundi anasema anaweza kuipitisha.*
Kijana wa Mbagala

Hata mimi naweza, na sifanyi. Mwenye simu halali anaandika jimeli na pasiwedi yake mbele yako, dakika tano mmemaliza. Mrudie aliyekuuzia. Akianza kukuzungusha, dai hela yako, na asiporudisha nenda kituo cha polisi na ile namba ya IMEI iliyo kwenye boksi au chini ya simu. Ukinunua tena mkononi, muuzaji aifutie kwenye mipangilio, si kwa vitufe, na iwashwe mpaka ifike kioo cha mwanzo ndipo mkono uende mfukoni.

*PUK inafungua patani?*
Msomaji, Singida

Haifungui. PUK ni ya laini, pale unapokosea PIN ya laini mara 3. Imeandikwa kwenye ile kadi kubwa uliyobandulia laini, au wapigie mtandao wako watakutajia. Usiibahatishe: ukiikosea mara 10 laini inakufa, utaenda kupanga foleni na NIDA yako mkononi.