Mzee kapata 75 kwa 100, mbona bado hajapona?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba alipigwa na kiharusi upande wa kulia, akatoka wodini na alama 40, juzi kwenye mazoezi wamempima tena wanasema ana 75 kwa 100 anaendelea vizuri sana. Sasa mbona maneno hayatoki, kubangua korosho hawezi, na barazani anakaa peke yake tu? Hizo alama ni za nini? – Binti wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Hawajakudanganya, ila wamepima kingine na wewe unauliza kingine. Kwa unavyoeleza hicho kitakuwa kipimo cha Barthel, kipo tangu 1965, kinaangalia mambo 10 tu: kula, kuoga, kunawa uso na kupiga mswaki, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kwenda chooni, kutoka kitandani kuhamia kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi. Na kinachoandikwa ni kile anachofanya kila siku, sio anachoweza akijikaza mbele ya daktari, kwa hiyo kama nyie mnamvalisha kwa huruma alama za kuvaa zinashuka (na hapo ndo ndugu wengi mnawadekeza wagonjwa, mnisamehe).

Kuongea hakumo. Kumbukumbu haimo, kazi ndo kabisa. Ngazi zina alama 10 nzima hata kama kwenu ni chini tupu, wakati choo cha kuchuchumaa kinachomtoa mzee jasho hakina alama zake. Mtu anaweza kupata 100 na mikorosho asiiguse.

Kwa picha pana zaidi, mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mfumo wa ICF wa kueleza afya na ulemavu wa mtu, unaotazama mwili, shughuli, mtu anavyoshiriki na wenzake, pamoja na mazingira yake, mchanga wa njiani na hicho choo vyote vinahesabika.

Kliniki ijayo waulize zile 25 zimepotelea wapi, halafu waeleze choo kilivyo na kazi aliyokuwa anafanya. Kuhusu maneno, kulia kukipooza maana yake ubongo umeumia kushoto na kwa watu wengi lugha inakaa hukohuko, kwa hiyo waombe wampime kuongea na kuelewa pia, maana anaweza kuwa anawaelewa vizuri tu ila kujibu ndo kazi. Na huko kujitenga msikuite uzee, karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona, nayo inatibika, itajeni siku hiyohiyo.